Omakase: samaki mbichi ya dola mamia, na swali la mpiodi ya Mangobo

Kwenye simu za vijana wa Mangobo video hizi zinapita karibu kila siku. Mpishi wa Kijapani, kisu kirefu mkononi, anakata samaki mbichi vipande vyembamba, anaweka kimoja juu ya kibonge kidogo cha wali, na mteja anakula palepale, kwa vidole. Moshi hakuna, mafuta ya mawese hakuna, pilipili hakuna. Mwisho wa video wanaonyesha bei, na hapo ndipo makelele yanaanza. Dola mia tatu? Kwa samaki yenye haijaiva?

Maswali mawili yanarudi kila mara. La kwanza ni la bei: ni nini hasa mtu analipa pale? La pili ni la hatari zaidi, maana linatoka kwa wenye kupenda kujaribu: mpiodi yetu, ile ya karton, haiwezi kuliwa vile? Jibu fupi la swali la pili ni hapana. Jibu refu linapita Tokyo na Namibia, linarudi kwenye konjelateri za soko letu, na linagusa hata mama mwenye hajafikiria siku moja kula samaki mbichi.

Tuanze na neno lenyewe. Omakase ni Kijapani, linatoka kwa kitendo makaseru, maana yake kumkabidhi mtu jambo. Mteja anaketi, anasema omakase, ni kusema: wewe unajua, nichagulie. Karatasi ya kuchagua chakula haiko. Mpishi ndiye ameenda soko asubuhi, ndiye anajua samaki gani imefika vizuri leo, na anaitoa moja moja kwa mpango wake: kwanza zile nyepesi, kisha zenye mafuta, karibu na mwisho kipande cha yai lililopikwa.

Kusema kweli, jambo hili si geni Kisangani. Mtu anafika kwa mama wa maboke, anauliza, "Mama, leo iko nini?" Mama anajibu, "Mboto iko, ngolo iko, lakini keti kwanza, mwanangu, nitakuchagulia." Anachagua yeye, anafunga yeye ndani ya majani, anaweka juu ya makaa, anakuletea na lituma ao kwanga. Mteja hakupewa karatasi yoyote. Amemwamini mama, na kesho akipata tumbo linauma, anajua nyumba ya kwenda kulalamika. Omakase inasimama juu ya imani ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba kule moto hauko wa kusahihisha makosa ya mpishi.

Nyumba yenye ilijulisha dunia jambo hili inaitwa Sukiyabashi Jiro. Iko chini ya ardhi, ndani ya jengo moja la mtaa wa Ginza, Tokyo, karibu na kituo cha treni. Viti ni 10 tu, vyote mbele ya meza ndefu ya mpishi. Mwenyewe, Jiro Ono, alizaliwa 1925. Mwaka 2007 kitabu cha Michelin, kile cha Wafaransa chenye kupima hoteli na mikahawa, kiliipa nyumba hiyo nyota 3, ndiyo daraja la juu kabisa. Mwaka 2011 filamu ilitengenezwa juu yake, na Aprili 2014 waziri mkuu Shinzo Abe alimpeleka Barack Obama kula pale. Mwaka 2019 Michelin waliiondoa kitabuni. Chakula hakikuharibika, sababu ni kwamba mtu wa kawaida hakuweza tena kupata nafasi kwa kupiga simu mwenyewe. Mteja anakula vipande karibu 20, mara nyingi kwa muda wa nusu saa tu, na analipa yeni zaidi ya 30,000. New York, nyumba ya Masa inaomba zaidi ya dola 700 kwa mtu mmoja, kinywaji pembeni. Karibu na kwetu, Nairobi ina mikahawa ya Kijapani tangu miaka mingi, kama Furusato pale Westlands, lakini hizo ni za sushi ya kawaida, yenye mtu anachagua mwenyewe.

Sasa, kwa nini bei hiyo? Sehemu ni sifa na jina, hilo tusilifiche. Tajiri analipa pia ili aseme amelipa. Januari 2019, kwenye mnada wa kwanza wa mwaka katika soko jipya la Toyosu, Tokyo, jodari moja ya kilo 278 ilinunuliwa yeni milioni 333.6, zaidi ya dola milioni 3. Hakuna samaki duniani yenye utamu wa pesa hiyo; mnunuzi alikuwa ananunua matangazo.

Lakini toa majivuno yote, kunabaki kazi ya kweli. Mwanafunzi kwenye nyumba hizi anaweza kukaa miaka akiosha, akipika wali, akipanguza, kabla ya kuruhusiwa kukata samaki mbele ya mteja. Wali unachanganywa na siki na chumvi, unatolewa ukiwa na joto kama la mwili wa mtu. Samaki nazo hazitendewi sawasawa: nyingine inapakwa chumvi na siki kwanza, nyingine inalala siku kadhaa kwenye baridi kali ili nyama ilainike na ladha itoke. Ndiyo, jodari nzuri ya sushi mara nyingi haikuvuliwa jana. Watu wengi wanafikiri siri ni samaki ya leo leo. Siri kubwa ni baridi yenye haikatiki, tangu mashua hadi kisu. Barafu, makinikia ya kuangalia joto, watu wa kuamka usiku: hayo ndiyo yanakula pesa.

Jambo moja linachekesha kidogo. Sushi haikuanza kama chakula cha mabwana, na haikuanza kama samaki mbichi ya leo. Ilianza kama akiba. Watu wa kusini-mashariki ya Asia, wenye mito na mashamba ya mpunga, walifunga samaki ya mto ndani ya wali na chumvi miezi na miezi. Wali ulichacha, uchachu ukalinda samaki isioze. Wakati wa kula, wali ulitupwa. Kando ya ziwa Biwa, Japani, wangali wanatengeneza namna hiyo, wanaiita funazushi, na harufu yake ni kali. Mwenye anajua makayabu ao samaki ya moshi ya Ubundu ataelewa haraka: kila watu wa mto walitafuta dawa yao juu ya joto. Kipande cha wali na samaki juu, kama cha video, kilikuja nyuma, karibu miaka ya 1820, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, na jina la Hanaya Yohei ndilo linatajwa zaidi. Kiliuzwa kwenye vibanda vya kando ya njia, kwa watu wenye haraka. Kilikuwa chakula cha wafanyakazi.

Mpiodi na ndugu yake wa Tokyo

Kati ya samaki zenye mpishi wa Tokyo anaweka mbele ya mteja iko moja inaitwa aji. Inatolewa na tangawizi kidogo na kitunguu cha majani. Aji ni chinchard. Na chinchard ni nini kwetu? Ni mpiodi, wengine wanasema Thomson, ile yenye inatoka baharini upande wa Namibia na nchi nyingine za pwani, ikiwa imegandishwa ndani ya karton. Si aina moja kabisa, ile ya Japani na ile ya Namibia, lakini ni ndugu wa ukoo mmoja, Trachurus. Kwa hiyo kijana mwenye kuuliza swali lake hakuwa mjinga. Samaki ya matajiri wa Ginza na samaki ya sufuria ya Mangobo ni wa jamaa moja.

Yenye inawatenganisha ni njia. Aji ya Tokyo imetoka majini karibu, imelala kwenye barafu, imefika sokoni usiku, imeliwa kesho yake ao keshokutwa. Mpiodi yetu imevuka bahari. Kati ya Kinshasa na Kisangani peke yake mto una kilometa zaidi ya 1,700. Hata ikifika imeganda kama jiwe, kunabaki depo, kunabaki konjelateri ya muuzaji, kunabaki umeme. Na kila mkaaji wa Mangobo anajua habari ya umeme. Delestaji ikipiga usiku mzima, samaki inayeyuka. Umeme ukirudi asubuhi, inaganda tena. Kwa macho ni samaki ileile.

Ndani yake siyo ileile. Samaki za bahari zenye nyama nyeusi-nyeusi, kama mpiodi, makro, sardini na jodari, zina kitu kinaitwa histidini. Samaki ikikaa kwenye joto, vijidudu vinageuza histidini kuwa histamini, na histamini ikizidi inasumbua mwili wa mwanadamu. Dakika chache ao saa moja-mbili baada ya kula, uso unakuwa mwekundu ao unawaka moto, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, moyo unapiga mbio, pengine tumbo linaharisha. Watu wengi wanasema ni sumu, ao wanamshtaki jirani.

Na hapa ndipo habari inamgusa hata yule mama wa sufuria. Histamini haikufi na moto. Ichemshe, ikaange, iweke kwenye liboke ao kwenye moshi, yenyewe inabaki. Kuigandisha tena pia hakuiondoi, kunaizuia tu isiongezeke. Mara nyingine samaki yenye histamini nyingi inawasha mdomo kama pilipili. Kwetu, pilipili ikiwa tayari ndani ya mchuzi, nani atatambua? Kwa hiyo dawa iko kabla ya jiko: kununua kwa muuzaji mwenye konjelateri yake haikukatika, ao mwenye alifungua karton asubuhi ile. Angalia karton yenyewe. Ikiwa imelowa kisha ikakauka, ikiwa samaki zimebanana kama tofali na maji mekundu yameganda chini, ziliyeyuka njiani. Angalia tumbo pia, kama limepasuka. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili tu: "Mama, usiku umeme ulikuwako?"

Na samaki za mto?

Wengine watasema basi, tuache ya bahari, tule mbichi ya mto wetu, yenye imetoka majini leo. Kweli Wagenia wanavua pale kwenye maporomoko, na mitego yao ya vikapu vikubwa iliyofungwa kwenye miti juu ya maji makali inajulikana tangu Stanley alipopita Januari 1877. Samaki mpya kuliko ile ni vigumu kupata. Lakini upya hauui minyoo. Samaki za maji matamu ndizo zenye kubeba minyoo mingi yenye inaweza kuingia kwa mtu. Asia, watu mamilioni wana minyoo ya ini kwa sababu ya kula samaki ya mto isiyoiva. Wapishi wa sushi wanalijua: karibu yote wanayotoa mbichi ni ya bahari, na mkunga wa maji matamu, unagi, wanamchoma kabisa. Huku Afrika ya kati, kaa wa mto asiyeiva anaweza kubeba mnyoo wa mapafu, na mgonjwa anakohoa damu hata anadhaniwa ana kifua kikuu.

Hata samaki za bahari zina mnyoo wao, anisakisi. Kwa hiyo Marekani inashauri samaki ya kula mbichi igandishwe kwanza kwenye digrii 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ao digrii 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Frigo ya nyumbani yenye umeme wa kuvizia haiwezi kuhesabu siku 7 hizo. Tena baridi inaua minyoo, haiui vijidudu vyote.

Tena kuna kolera. Mwaka 2011 mlipuko mkubwa ulionekana kwanza hapa Kisangani, ukashuka na mto, bandari kwa bandari, hata Kinshasa. Samaki iliyooshwa na maji ya mto kisha ikaliwa bila moto ni njia wazi ya ugonjwa huo. Ndani ya liboke, moto ukipita hadi kwenye mfupa, kolera haibaki, na minyoo haibaki.

Kwa mwenye uso umewaka na moyo unakimbia baada ya mpiodi: mara nyingi inapita ndani ya siku moja, na kwenye kituo cha afya wanaweza kumpa dawa ya kuzuia histamini. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo ao mwenye kupumua kwa shida asingoje nyumbani. Aende mara moja, na aseme alikula samaki gani, saa ngapi, na nani wengine walikula kwenye sahani ileile.