Umemaliza Fom Four? Hii Hapa Rada ya Kilifi Hadi Malindi Kabla Uingie Kampasi

Japani, msee akimaliza shule ya upili Machi, chuo kikuu kinamngoja Aprili. Akitaka kusafiri aone nchi ya watu, ana wiki chache tu. Wewe je? KCSE inaisha Novemba, kampasi ni Agosti ama Septemba. Hiyo ni karibu miezi tisa, na wengi huimaliza kwa kochi wakingoja KUCCPS. Ndiyo maana unapata mtalii ashaingia Gedi na wewe wa Kaloleni hujawahi.

Huhitaji pasipoti wala ganji mob. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, barabara ni moja na mathree zipo kutwa.

Kilifi

Lile daraja unalovuka lilijengwa na kampuni ya Kijapani, Sumitomo, likakamilika 1991. Kabla ya hapo watu walingoja feri. Kama umeitwa Pwani University, iko papo hapo mjini. Pitia mapema ucheki mazingira na bei za keja.

Gedi

Shukia Gede. Huu ni mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, na UNESCO waliutia kwenye urithi wa dunia 2024. Waliochimbua magofu walipata vyombo vya Uchina, kumaanisha wazee wetu walikuwa wakifanya biashara ya mbali kitambo sana. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani, na Watamu ni mwendo wa tuktuk.

Malindi

Kila mtu hupiga picha kwa nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Poa, lakini usiishie kwa Mreno. Uliza wazee kuhusu Mekatilili wa Menza. Waingereza walimkamata 1913 wakampeleka mbali kule Gusii, mwaka uliofuata akatoroka na kurudi kwa miguu. Mama alivuka nchi bila nauli, na wewe unalia mathree ya Malindi!

Kaskazini kidogo, Ngomeni, ndiko setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezewa kazi ya kuchunguza eksirei za angani.

Jichunge

Beba kitambulisho, maana kwa makumbusho na mbuga raia hulipa chini ya mgeni. Lala kwa shangazi ama mjomba, uende na beshte, na nyumbani wajue uko wapi. Kabla ya kuogelea, uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Na ukiona mtu hakujui na anakupa hoteli, vinywaji na simu ya bure, hepa. Malindi imemeza vijana wengi hivyo, na bei yake huja baadaye.

Kampasi utakutana na wasee wa Kisumu, Meru na Garissa. Swali lao la kwanza litakuwa, "Kwenu kukoje?" Usiwajibu na picha za kudownload.