Ukiponea Chupuchupu, Toa Ripoti

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi mmoja wa likizo, niliwatibu watu watatu walioanguka na baiskeli karibu na Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha. Wa kwanza alivunjika mkono, wa pili alichubuka uso, wa tatu alizimia kwa muda. Katika kadi zote niliandika maneno yale yale: alianguka na baiskeli. Ni huyo wa tatu aliyeniambia, nikimshona, kwamba breki hazikushika. Nilipowapigia simu wenzake, kumbe wote walikodi kwa mtu mmoja! Naye mwenye baiskeli alisema hakuna mteja aliyemlalamikia. Walizirudisha, wakapanda matatu, wakaenda zao.

Lawama nyingine ni zangu. Ningaliuliza swali moja zaidi siku ya kwanza, huenda wale wawili wasingalifika kwangu.

Kamere ni makao ya wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua, lakini wikendi hupitiwa na wageni waendao mbuga ya Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Humo mna korongo la Ol Njorowa. Mnamo Aprili 2012, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana 7 wa kikundi cha kanisa humo. Jumapili, Septemba 1, 2019, maji yakaja tena namna ile ile na kuua watu 7, akiwemo mwelekezi wao. Mvua hunyesha mbali, juu ya korongo, na aliye chini akaona mchanga mkavu tu hadi asikie ngurumo ya maji. Na maji yaendayo kasi hayahitaji kufika kiunoni ndipo yakuangushe.

Sasa nikuulize, msomaji. Kati ya misiba hiyo miwili ilipita miaka 7. Je, ni wangapi waliowahi kupanda mawe mbio maji yakiwafuata, kisha jioni wakalisimulia kama kichekesho wakila samaki kando ya ziwa? Huyo aliyeponea ndiye shahidi bora, maana anaweza kusema ni saa ngapi, alisimama wapi, alitokea njia gani. Sisi madaktari hufunzwa kuandika hata dawa iliyokaribia kupewa mgonjwa asiyehusika, ingawa hakuna aliyeumia.

Wengi huogopa. "Daktari, kwani nataka kumshtaki mtu?" aliniuliza mgonjwa mmoja. La hasha. Ripoti si kesi, lakini lazima isomwe na mwenye uwezo wa kurekebisha. Machi 1993, wanafunzi 4 walikufa maji katika Lyme Bay, Uingereza, wakiendesha mitumbwi midogo chini ya wakufunzi. Mkufunzi aliyeacha kazi hapo alikuwa tayari amemwandikia mkurugenzi barua ya kumwonya juu ya usalama. Barua ilipuuzwa, mkurugenzi akafungwa jela, na mwaka 1995 bunge likapitisha sheria ya kuvipa leseni vituo vya aina hiyo.

Kwa hivyo kabla hujashuka korongoni, muulize mwelekezi: mvua ya huko juu inafuatiliwa na nani? Njia za kutokea ziko wapi? Akikasirika, tafuta mwingine. Likitokea jambo, hata la kuteleza tu, liandike siku hiyo hiyo kabla halijaongezwa chumvi: saa, mahali, hali ya anga, kifaa kilichotumika, mlikuwa wangapi, mlifanya nini. Mpe mwelekezi nakala, na nyingine uiache kwa askari wa KWS langoni.

Na aliyegonga kichwa asirudi Nairobi amelala kiti cha nyuma eti kachoka. Akitapika mara kwa mara, akichanganyikiwa, akiwa mgumu kuamka, kichwa kikizidi kumuuma, au damu ama majimaji meupe yakimtoka sikioni au puani, mpeleke hospitali iliyo karibu mara moja. Ukifika, usimwambie daktari kwamba alianguka tu. Mwambie alianguka na nini, na wapi. Asipouliza, mwambie vilevile.