Kumpa Mtu wa Hadithi Jina

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mmoja ana daftari na kalamu. Ubao nao uwe tayari, maana leo tutaandika majina mengi.

Katika somo lililopita mlianza kutunga hadithi fupi. Nadhani wengi wenu, mlipofika penye jina la mtu, mliandika jina la kwanza lililowajia kichwani. Mimi nami nilifanya hivyo zamani, nikamwumiza mtu. Sikilizeni.

Nilipokuwa kijana nilitunga hadithi ya mlevi aliyeuza mbuzi wa mkewe. Jina la kwanza lililonijia lilikuwa la jirani yetu. Mzee yule hakunywa pombe hata tone. Alikuwa akiyumba kidogo kwa sababu ya mguu mbovu, na labda kuyumba kule ndiko kulikonipa jina lake. Hadithi ilisomwa barazani, watu wakacheka. Basi jirani yetu alikuwa akijifunza kusoma mwaka ule ule, kama ninyi. Aliiomba karatasi aisome mwenyewe. Karatasi ya kwanza aliyoisoma nje ya darasa ilikuwa na jina lake, nalo lilikuwa jina la mlevi.

Baba alinichukua kwenda kuomba radhi. Mzee hakunigombeza. Alitwaa kalamu, akalifuta jina lake mahali pote panne, herufi kwa herufi. Kisha akanirudishia karatasi, akasema, "Haya, mwanangu, mpe jina lake mwenyewe." Nikashindwa. Sikujua lolote juu ya mtu wangu ila ulevi wake.

Hapo ndipo somo la leo linapoanzia. Mtu hajipi jina. Hupewa na wazazi, au bibi, au shangazi, siku ambayo hakuna ajuaye kama mtoto atakuwa mlevi au shehe. Kwa hiyo, ukitafuta jina la mtu wa hadithi, usiulize kwanza tabia yake. Uliza: nani alimpa jina, na siku ile nyumbani kwao kulikuwa na nini?

(Mwalimu aandike ubaoni: Jumanne, Mwajuma, Ramadhani, Idi, Masika, Chausiku, Tabu. Darasa lisome pamoja mara mbili.)

Jumanne amezaliwa siku ya Jumanne, na Mwajuma ni mtoto wa kike wa Ijumaa. Ramadhani amezaliwa mwezi wa mfungo, Idi siku ya sikukuu. Masika alikuja na mvua, Chausiku alikuja usiku. Na Tabu je? Hapo pana hadithi nzima. Mama yake alipata tabu gani? Labda mume alikuwa safarini, labda njaa iliingia. Sasa fikirini Bibi Tabu huyu ni mtu mzima, tajiri, mwenye duka la vitambaa. Hamjaeleza kitu bado, na msomaji tayari anataka kujua alitoka wapi akafika dukani.

Kila watu wana desturi zao. Kwa Wajaluo, Otieno amezaliwa usiku, na Akinyi ni msichana wa asubuhi. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Hivyo majina yale yale hurudi nyumbani kizazi baada ya kizazi. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Ukimwita mtu wako Kulwa, msomaji atamngoja Doto. Asipotokea, itabidi useme yuko wapi. Na ukimwita mvuvi wa Pemba Otieno, msomaji atasimama aulize amefikaje huko. Si vibaya, lakini uwe na jibu.

Najua mmoja wenu atasema, "Mbona Shaaban Robert alitaja tabia kwa jina?" Ni kweli. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, Adili ni mwadilifu, na ndugu zake wawili ni Hasidi na Mwivu. Hadithi ile ni ya mfano, ina wafalme na majini, na msomaji anajua tangu mwanzo kwamba anafundishwa. Lakini katika hadithi ya kijiji chenu, ukimwita mtu Mwivu, umekwisha toa siri kabla ya mwizi kuingia nyumbani. Muhammed Said Abdulla alifuata njia nyingine katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa. Tazameni herufi zake: M, S, A. Ni herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi mwenyewe.

Mambo mawili madogo. Usiweke Hamisi na Hamadi katika hadithi moja. Anayeanza kusoma atawachanganya, na hata mimi huwachanganya. Tena kumbuka kwamba mtu haitwi jina moja na watu wote. Mwajuma kwa mamaye ni Mwajuma, kwa majirani ni Mama Idi, kwa wajukuu ni Bibi.

Na jirani je? Jina la Juma si la mtu mmoja, huna haja ya kuliogopa. Linaloumiza ni jina pamoja na alama zake: Juma mwenye mguu mbovu, anayekaa karibu na kisima. Hapo kijiji kizima kimekwisha mjua.

Mlevi wangu nilimwita Sikujua. Niliona mama yake alikuwa mtu mzima, alidhani amekwisha kuzaa, akashtuka kupata mimba. Kwa hiyo alikuwa kitinda mimba, mtoto wa kudekezwa. Mbuzi aliyemwuza, katika hadithi ya pili, alikuwa wa mama. Nilimpelekea jirani yetu. Alisoma mpaka mwisho, kidole chini ya maneno, kisha akauliza, "Na huyu mama, yu hai bado?"

Kwa juma lijalo, kila mmoja aandike majina matatu ya watu wa kubuni. Chini ya kila jina andikeni sentensi mbili: nani alimpa, na kwa nini. Mwalimu, tafadhali yasomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa hadithi yoyote, ili kama jirani wa mtu yumo, ajulikane mapema. Kwaherini.