Simba walikuwa na haraka gani na Kagere?

Ukitaka kijiwe chochote cha Tarime kiwake moto, taja jina moja tu: Meddie Kagere. Mwaka 2022 Simba waliachana naye, na mpaka leo wapo wanazi wa Msimbazi, kuanzia Sirari hadi Mugumu kule Serengeti, wanaoapa kwamba uongozi ulikuwa sahihi. Jamaa kazeeka, wanasema. Mimi nabisha.

Sisi wa huku mpakani tulimjua mapema kuliko watu wa Dar. Alikuwa Gor Mahia, na habari za Gor zinavuka Sirari bila kuulizwa pasi. Juni 2018 kule Nakuru aliifunga Simba yenyewe kwenye fainali ya SportPesa, Gor wakashinda 2-0. Mnyama hakulala, akambeba mazima. Na jamaa akalipa: mabao 23 msimu wa kwanza, 22 msimu wa pili, mfungaji bora mara mbili mfululizo. Februari 2019 Al Ahly walitua Dar na majina yao makubwa, wakalazwa 1-0. Nani alifunga? Huyo huyo, akaziba jicho moja kwa mkono kama kawaida yake.

Ni kweli, baadaye kasi ilipungua. Msimu wa 2020/21 alipata mabao 13, nyuma ya John Bocco na Chris Mugalu. Uliofuata ulikuwa mchungu kwa Msimbazi nzima. Yanga walibeba ubingwa bila kufungwa. Ikabidi mtu atolewe kafara.

Sawa. Akaja nani? Mserbia Dejan Georgijevic. Mji ukapagawa, Mzungu, Mzungu! Mwezi wa tisa haujaisha, Mzungu akatangaza kuvunja mkataba, huyooo. Moses Phiri ndiye alikuwa anacheka na nyavu kweli, lakini Desemba akaumia Bukoba dhidi ya Kagera Sugar. Zigo likamwangukia kapteni Bocco. Dirisha dogo wakakimbilia TP Mazembe kumkopa Jean Baleke, ambaye nakiri alikuwa moto, ila nusu ya ligi ilishapita.

Kuna hili linalonichekesha zaidi. Dirisha hilo hilo walimchukua Saido Ntibazonkiza kutoka Geita Gold. Kagere kazaliwa Oktoba 1986, Saido Mei 1987. Miezi saba tu, mura! Na Saido akamaliza msimu na mabao 17, ukijumlisha na aliyofunga Geita, akagawana ufungaji bora na Fiston Mayele wa Yanga. Sasa huo uzee ulikuwa wa nani?

Sisemi Kagere angeanza kila mechi. Angepewa mwaka mmoja, akae benchi, aingie dakika 20 za mwisho kwenye vile viwanja vya mikoani ambavyo pasi za chini hazitembei, wampigie krosi. Kazi hiyo aliijua hata usingizini.

Yeye alikwenda zake Singida Big Stars, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, na wakamaliza wa nne. Simba walimaliza wa pili na pointi 73, Yanga bingwa na 78. Droo tatu tu zikigeuzwa ushindi, hizo ni pointi sita.