Vijana mnaua mikweche kwa oili ya kubahatisha!

Ukitaja mafuta mbele ya mtu wa Singida, haraka haraka anafikiria alizeti. Hapo humdanganyi. Dumu likiwa limechakachuliwa, atalijua kwa kulinusa tu. Lakini mpe kijana huyohuyo gari la tangu mwaka arobaini na saba, kisha muulize anaweka oili gani kwenye injini. Jibu utakalopata ni, "Yoyote tu bwana, ili mradi oili."

Hiyo "yoyote tu" ndiyo inayoua injini, msomaji wangu.

Wengi wetu mjini tunaanzia kwenye mkweche, na wala si aibu. Huyu amerithi Corolla ya mshua, yule kanunua Hiace ya abiria iliyopita mikono mitano, mwingine anatesa na Land Cruiser ya mnadani. Shida ni kwamba injini ikinoki, mapene ya kuishusha yanaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Kama Hiace ndiyo inayolipa kodi ya chumba na ada ya mdogo wako, hapo ukapa unaingia bila hodi. Na yote hayo kwa sababu ya kopo moja ulilonunua kwa kutazama rangi ya lebo!

NAMBA ZA KWENYE KOPO

Chukua kopo lililoandikwa 20W-50. Wengi hudhani hiyo ni bei au toleo. Sivyo. Ni kipimo cha uzito wa oili, yaani inavyotiririka, kilichowekwa na chama cha mainjinia wa magari cha Marekani, SAE. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza oili inavyokuwa kwenye baridi. Namba ya pili inaeleza inavyobaki ikishapata moto wa nyuzi 100. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito.

W hiyo ni ya "winter", majira ya baridi ya wenzetu. Oili ya 20W hupimwa kama injini itazungushika kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, ile ya 15W nyuzi 20 chini ya sifuri. Singida haifiki huko hata kidogo. Lakini mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni au Julai upepo wake unamfanya mtu atafute koti. Oili nayo hulala nzito usiku. Ukiwasha gari asubuhi, oili nyepesi inawahi kupanda kichwani kwa injini. Nzito inajivuta, na huku juu vyuma vinasuguana vikavu.

Mchana mambo yanageuka. Jua la Oktoba, mzigo umejaa, unatoka Shelui unaupanda mlima Sekenke kwa gia ya kwanza. Hapo ndipo namba ya pili inatakiwa ifanye kazi. Oili ikilegea kama maji, utando kati ya bering na krankshafti unapasuka, taa nyekundu inawaka, na wewe unabaki kando ya barabara unahesabu malori.

Kwa hiyo uchague ipi? Kwanza tazama kitabu cha gari. Hata kama kimeandikwa Kijapani, 10W-30 inasomeka vilevile. Injini ikiwa bado nzima na haipunguzi oili, fuata kitabu. Ikiwa imechoka na inaanza kunywa, panda ngazi moja, nenda 15W-40. Hiyo kwa mazingira yetu inafaa mikweche mingi, ya petroli na ya dizeli. 20W-50 iache kwa injini iliyochakaa kweli, inayofanya kazi kwenye joto na mzigo, au ile ambayo kitabu chake kinairuhusu.

USISAHAU HERUFI

Kwenye kopo kuna herufi pia, baada ya neno API. Zikianza na S, oili ni ya petroli: SF, SG, SL, mpaka SQ iliyoingia mwaka 2025. Zikianza na C, ni ya dizeli: CD, CF-4, CI-4, mpaka CK-4 ya mwishoni mwa mwaka 2016. Kopo likiwa na zote mbili, linaweza kutumika kote. Ukikuta SA au SB, kimbia! SA haina dawa yoyote ya kulinda vyuma, na SB haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1951.

Kwa kawaida herufi ya mbele zaidi ni bora zaidi. Ila wenye petroli za zamani sana, zile ambazo kemu inasugua tapeti moja kwa moja, wawe macho. Oili nyepesi za kisasa kama 5W-30 zimepunguzwa fosforasi ili zisiharibu kichujio cha moshi cha magari mapya. Fosforasi hiyo pamoja na zinki ndiyo inayolinda kemu ya mzee wako. Kikomo hicho hakiwekwi kwa 15W-40 na 20W-50, hivyo huko kuna usalama zaidi.

NZITO SI DAWA

Sasa kasheshe lenyewe. Gari likianza kutoa moshi wa bluu, utamsikia mshikaji wa kijiweni: "Weka nzito hiyo, moshi utakata!" Kweli, unaweza kupungua kwa muda. Lakini ugonjwa uko palepale. Moshi wa bluu ukitoka unapowasha tu asubuhi, shuku sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, shuku ringi za pistoni. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha. Hakuna oili ya kopo inayoziba hayo.

Wajanja nao wanaijua siri hiyo. Mtu akitaka kuuza gari bovu, analinywesha oili nzito kama uji, kelele zinatulia, moshi unakata, wewe unatoa mshiko huku unachekelea. Dawa yake ni moja. Nenda kulitazama asubuhi, kabla mwenyewe hajaliwasha. Gusa injini kama ni baridi, chomoa kijiti cha kupimia, kisha simama nyuma ya ekzosi linapowashwa. Muuzaji akikuambia "nimelipasha kidogo kabla hujafika", aga uondoke.

VUMBI NA FEKI

Oili nzuri nayo huzeeka. Ukishaacha lami ukaingia njia za vumbi za vijijini, oili inachafuka mapema kuliko ya anayezunguka mjini. Kilomita 5,000 ziwe mwisho wako, na vumbi likizidi usizifikishe. Badilisha na chujio lake, maana oili mpya kupitia chujio chafu ni sawa na kuoga ukarudia shati la jana.

Oili ya kupima kwenye chupa ya maji, achana nayo. Hujui ilikotoka, na oili chafu iliyochujwa inaweza kung'aa ukaipenda. Nunua kopo lenye sili kamili, kwa muuzaji mwenye duka na risiti, ili ukiumizwa ujue pa kurudi. Kopo likiisha, litoboe, wasije wakalijaza tena wakamuuzia mwenzio.

Mwisho, kijiti cha kupimia hakidai hata senti tano. Egesha pa tambarare, injini ipoe, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Fanya hivyo kila wiki. Isipungue chini ya alama, wala isizidi juu.

Alizeti wachie wapishi, mkweche upe oili yake. Kwaheri kwa leo!