Mafia hadi Kilwa Masoko kwa Ndege: Umbali na Muda wa Safari

Mkazi wa Kilindoni apigiwapo simu alfajiri kuarifiwa msiba uliotokea Kilwa Masoko, na kwamba maziko ni baada ya sala ya alasiri, swali lake la kwanza huwa kama atawahi. Umbali peke yake haulijibu.

Kiwanja cha Ndege cha Mafia kipo karibu na latitudo ya digrii 7.9 kusini mwa Ikweta, na kile cha Kilwa Masoko karibu na 8.9. Kwa kuwa viwanja hivyo vimekaribia kuwa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kinachovitenga ni kama digrii moja tu. Digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, na kila maili ya baharini ni mita 1,852. Umbali wa angani, basi, ni kilomita zipatazo 111.

Ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna Caravan huenda takriban kilomita 300 kwa saa, mwendo ambao huumaliza umbali huo kwa dakika 22. Ikijumlishwa nafasi ya kupaa na kushuka, nusu saa ndiyo hesabu ya kutegemewa. Upepo wa kusi humkabili rubani aelekeaye Kilwa, lakini humwongezea dakika chache tu. Kwa nahodha wa jahazi habari ni nyingine kabisa.

Asiyepanda ndege huvuka bahari kwanza hadi Nyamisati, ambako maji kupwa na kujaa yana neno lake, kisha hupanda gari hadi Bungu kuishika barabara kuu. Kutoka hapo hugeukia kusini kupitia Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, Somanga na Nangurukuru. Hiyo ni safari ya kutenga siku nzima.

Njia iwachanganyayo wengi ni ile ya kupitia Dar es Salaam. Mafia hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 125 angani, na Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko kama 225. Jumla ni 350, zaidi ya mara tatu ya njia iliyonyooka. Hata hivyo, muda wa kuwa angani hauzidi sana saa moja na nusu. Kinachoila siku ni kungoja ndege ya pili.

Kabla ya kuuliza nauli, msafiri aulize kama ndege inakwenda moja kwa moja, na kama sivyo, ya pili inaondoka saa ngapi. Aulize pia uzito wa mzigo unaoruhusiwa, maana katika ndege ndogo kila kilo huhesabiwa. Mfiwa atakayeambiwa kwamba ndege ya pili ni saa kumi alasiri hatayakuta maziko. Ni heri atume rambirambi kwa simu na kujipanga kwa hitima.