KUPE WA SAMAKI WA BAHARINI

Mkulima, huenda siku moja ukanunua changu au kolekole kwa mchuuzi, na mama akimsafisha jikoni aone jambo la ajabu. Ndani ya kinywa cha samaki, mahali pa ulimi, amelala mdudu mweupe mwenye macho mawili meusi, naye anatazama nje. Mtu asiyemjua mdudu huyo aweza kudhani kwamba samaki ana sumu, akamtupa. Hiyo ni hasara ya fedha na ya kitoweo pia.

Mdudu huyu ni wa jamaa ya kamba na kaa. Nduguze wengine wako shambani mwako: ni vile vijidudu vya kijivu vyenye miguu mingi vikaavyo chini ya mawe na magogo yenye unyevu, na vingine vikiguswa hujikunja kama punje. Lakini huyu wa baharini kazi yake ni ile ya kupe. Ana miguu 14, na kila mguu una ndoana ya kushikia.

Akiwa mchanga huogelea mpaka ampate samaki, kisha huingilia matamvuani, pale penye wekundu ndani ya mashavu. Kila mmoja huanza maisha akiwa dume. Akipata nafasi kinywani hugeuka jike, akashika shina la ulimi na kunyonya damu mpaka ulimi unyauke. Basi yeye mwenyewe hukaa mahali pa ulimi, na samaki huendelea kula kwa kubana chakula juu ya mgongo wa mgeni wake! Wataalamu wawili, Brusca na Gilligan, waliandika habari hii mwaka 1983 juu ya samaki wa Ghuba ya California, nchi ya Mexico. Katika Bahari yetu ya Hindi wako nduguze wengi. Wengine hukaa kinywani, wengine matamvuani, na wengine hupanda juu ya ngozi karibu na kichwa. Jike hubeba mayai katika mfuko chini ya tumbo lake.

Ukimkuta, mng'oe, osha samaki, mpike. Hana sumu, wala hawezi kuishi katika mwili wa mtu. Akiwa bado hai aweza kukufinya kidole, basi. Uzuri wa samaki utazame kwa dalili nyingine: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza, na harufu iwe ya bahari.

Sasa utauliza, kama baharini hakuna josho, mbona samaki hawaishi? Sababu moja ni nafasi. Samaki wa porini hutawanyika, na kupe wengi wachanga hufa kabla ya kumpata wa kumnyonya. Tena wako wasafishaji. Penye matumbawe hukaa samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye huwala wadudu walio juu ya samaki wakubwa kama yule ndege anayetembea juu ya mgongo wa ng'ombe akitafuta kupe. Huko Australia ilihesabiwa kwamba msafishaji mmoja hula wadudu yapata 1,200 kwa siku.

Taabu huanza samaki wanaposongamana. Nchi ya Norway hufuga samoni katika vizimba vya nyavu baharini, na chawa wa samaki, ambao nao ni jamaa ya kamba, huongezeka humo upesi. Watoto wa chawa hupita katika nyavu na kuwapata samoni wa porini. Kinda la samoni lishukalo kutoka mtoni ni dogo mno, na chawa kama kumi waweza kuliua. Kwa hiyo sheria ya huko humtaka mfugaji ahesabu chawa wake: wasizidi jike mmoja mpevu kwa samaki wawili, na majira ya makinda kushuka baharini, mmoja kwa samaki watano. Dawa nazo zimeanza kushindwa, kwa kuwa chawa wamezizoea. Wewe uliyeona kupe wakizoea dawa ya josho hutashangaa.

Habari hii yakuhusu zaidi ikiwa unaishi upande wa pwani na umechimba bwawa la mwatiko, au unafikiri kuchimba. Vifaranga vya mwatiko huvuliwa baharini, na pamoja navyo chawa waweza kuingia bwawani. Kabla ya kuvimwaga, weka vichache katika beseni jeupe penye mwanga, utazame ngozi na matamvua. Ukiona vidoadoa vinavyotembea, au kifaranga kinachojikuna ukutani mwa beseni, viache katika chombo cha peke yake umwite Bwana Samaki wa wilaya yako. Usitie dawa ya ng'ombe majini. Dawa nyingi ziuazo kupe huua samaki na kamba vilevile.